Uzamili wa uchapishaji: njoo na kikokotoo

Barua nyingi za kuomba nafasi ya uzamili wa uchapishaji hufunguka kwa sentensi ileile: tangu utotoni nimekuwa mpenzi wa vitabu. Anayepitia maombi ameikuta mara nyingi hadi jicho linairuka. Kupenda kusoma si kosa, ila shahada hii haisomeshi usomaji. Inasomesha namna mswada unavyogeuka kuwa bidhaa yenye bei, tarehe ya kutoka, mkataba na mnunuzi, na chombo utakachokishika zaidi kuliko kalamu nyekundu ni jedwali la Ekseli. Anayelijua hilo mapema huchagua chuo kwa akili zaidi, na hashtuki wiki ya tatu anapoambiwa akokotoe unene wa mgongo wa kitabu.

Nitazungumzia zaidi Uingereza, maana ndiko wengi wetu wanakoelekeza macho wakitafuta ufadhili, na kozi za aina hii huko ni nyingi. Stirling, kule Scotland, wana kituo cha masomo ya uchapishaji tangu 1982. Oxford Brookes, UCL ya London na Edinburgh Napier nao wanafundisha. Ng'ambo ya Atlantiki kuna Simon Fraser ya Vancouver, na Portland State ya Oregon ambako wanafunzi wenyewe ndio wanaoendesha shirika la uchapishaji la chuo, Ooligan Press, na vitabu vyake vinauzwa madukani kama vya shirika lingine lolote. Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kinafundisha uchapishaji. Anayekusudia kufanya kazi Nairobi aulizie huko kwanza kabla ya kuanza kuwaza pauni.

Kuchagua kozi na kuomba

Majina ya kozi yanafanana. Tofauti ziko ndani. Uzamili wa Uingereza ni krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, kwa hiyo mwaka mzima ni saa 1,800. Kwa kawaida krediti 120 ni za masomo ya mihula miwili, na 60 ni za tasnifu au mradi wa mwisho. Fungua orodha ya moduli uangalie kwanza huo mradi wa mwisho: je, unaruhusiwa uwe wa vitendo, yaani kitabu kilichopangwa pamoja na bajeti na mpango wake wa masoko, au lazima iwe tasnifu ya maneno 15,000 hivi? Kisha angalia kama moduli ya utayarishaji na usanifu ni ya lazima. Ikiwa ni ya hiari, ichukue hivyohivyo. Mashirika yetu mengi ni madogo. Mhariri ndiye msanifu, na huyohuyo ndiye anayepeleka mafaili kiwandani. Mwisho uliza kuhusu fildi (Wakenya wataita atachmenti). Vyuo vingine huihesabu kwenye krediti na kukutafutia pa kwenda, vingine hukuachia mwenyewe, na kwa mgeni asiyemjua mtu London hilo si jambo dogo.

Wanaotegemea Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wajue kwamba dirisha hufunguliwa Agosti, karibu mwaka mzima kabla ya masomo. Unatakiwa uwe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, unachagua kozi 3, na ukimaliza unarudi nchini kwako kwa miaka 2 angalau. Hizo kozi 3 zichague zote ziwe za uchapishaji. Anayechanganya uchapishaji, uanahabari na usimamizi wa biashara anaonekana hajui anachotaka, hata kama anajua.

Barua ya maombi iwe na kazi ndani yake. Chukua vitabu viwili vya shirika unalolifahamu, useme vinauzwa wapi, kwa bei gani, nani havifikii na kwa nini, na wewe ungefanya nini tofauti. Aya mbili za namna hiyo zinamshinda mpenzi wa vitabu yeyote.

Upande wa visa, mambo mawili yanaangusha watu wenye sifa zote. Fedha za kujikimu zikiwa ni zako mwenyewe zinatakiwa zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Ukitoa za dharura siku ya 20, hesabu inaanza upya. Na Mtanzania au Mkenya anayekwenda kwa zaidi ya miezi 6 anahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, si hospitali yoyote.

Bajeti ya kitabu kimoja

Hapa ndipo shahada ilipo. Kila chuo kina jina lake kwa zoezi hili, lakini kazi ni moja: unapewa mswada, unatakiwa uonyeshe kwa namba kama kitabu kitoke au kisitoke. Wanafunzi waliotoka kwenye fasihi huliogopa, na huwa wanalichelewesha hadi usiku wa mwisho.

Tuchukue namba za mfano kwa shilingi za Tanzania. Riwaya, nakala 2,000, bei dukani Sh 15,000. Duka linachukua punguzo la 40%, kwa hiyo kwako inafika Sh 9,000. Kosa la kwanza liko hapohapo: mwanafunzi anazidisha 2,000 kwa 15,000 na kutangaza mapato ya milioni 30. Hakuna anayepata hizo. Nakala 100 zitatoka bure kwa wahakiki, mwandishi na maktaba. 200 zitabaki stoo. Mauzo ni 1,700. Mara 9,000, unapata Sh 15,300,000.

Sasa matumizi. Kiwanda kinataka Sh 4,000 kwa nakala, jumla milioni 8. Uhariri Sh 1,200,000, usanifu wa kurasa na jalada Sh 900,000, usomaji wa prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapa) Sh 400,000. Hizo milioni 2.5 zinatoka hata ukichapa nakala moja. Mrabaha wa mwandishi ni 10% ya fedha inayokufikia, yaani Sh 1,530,000. Jumla Sh 12,030,000. Faida ghafi ni Sh 3,270,000, kama 21% ya mapato, na mwanafunzi anaandika kwa furaha: kitabu kitoke.

Subiri. Nani analipa pango, umeme, mishahara na gari la kusambaza? Mashirika hutenga asilimia fulani ya mapato kwa ajili hiyo. Weka 30% na itakuwa Sh 4,590,000. Kitabu kimeingia hasara ya Sh 1,320,000.

Ndipo kazi inapoanza. Ukipandisha bei hadi Sh 18,000 na mauzo yakashuka hadi 1,600, kwako inafika Sh 10,800 kwa nakala, mapato Sh 17,280,000. Fanya hesabu yote upya: hasara inabaki kama Sh 132,000 tu. Umekaribia. Pengine ukiondoa karatasi nzito au rangi ya ndani, kitabu kinavuka. Pengine kuna shule 3 zitakazonunua moja kwa moja bila punguzo la 40%. Haya ndiyo maswali yanayotafutwa kwenye zoezi, wala si jibu la ndiyo au hapana.

Mtego mkubwa kuliko yote ni bei ya nakala. Kiwanda kinakuambia: chapa 3,000, nitakushushia hadi Sh 3,400. Unaona umeokoa Sh 600 kwa kila nakala. Kumbe umelipa milioni 10.2 badala ya 8, na mahitaji ya soko yako hayajabadilika. Zile 1,000 za ziada zitakaa kwenye maboksi zikinyonya unyevu. Bei ya nakala iliyouzwa ndiyo yenye maana. Iliyochapwa ni ya kiwanda.

Maswali mawili ambayo mtahini hapendi kuyakosa. Moja, ni nakala ngapi zinarudisha fedha iliyotoka, ukiacha gharama za ofisi? Kwenye mfano wetu wa kwanza kila nakala inaacha Sh 9,000 kasoro mrabaha wa Sh 900, yaani 8,100. Gawanya milioni 10.5 (8 za kiwanda na zile 2.5) kwa 8,100, unapata 1,297. Ukiuza 1,000 umekwisha. La pili ni lini fedha inaingia. Kiwanda kinalipwa kabla ya nakala kutoka, duka linakulipa baada ya siku 90 au zaidi, tena likiwa na haki ya kurudisha zisizouzwa. Kitabu chenye faida kwenye jedwali kinaweza kulifunga shirika dogo kwa kukosa fedha mwezi wa nne tangu kitoke.

Ukihamisha jedwali la darasani kulileta nyumbani, badilisha na kodi. Uingereza kitabu cha karatasi kinatozwa VAT ya 0%, lakini Kenya ilianza kutoza 16% mwaka 2013, na mkokotoo ulionakiliwa kutoka Oxford hautakukumbusha.

Kurasa 192

Moduli ya utayarishaji inaonekana ya kompyuta, lakini moyo wake ni karatasi. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa inachapwa, inakunjwa, na mkunjo mmoja mara nyingi unatoa kurasa 16. Kwa hiyo idadi ya kurasa inapangwa kwa 16: 176, 192, 208. Mswada wa maneno 55,000 ya Kiswahili kwenye A5, herufi pointi 11 na nafasi ya mistari pointi 14, ukiingiza maneno 300 kwa ukurasa, unakula kurasa 184. Ongeza 8 za mwanzo (jina, hakimiliki, yaliyomo, tabaruku) zinakuwa 192, mikunjo 12 kamili. Vizuri sana. Sasa mwandishi anaomba aongeze shukrani za kurasa 3. Kurasa 195 hazipo. Utalipia 208 na kubaki na 13 tupu, au utabana: punguza mstari mmoja hapa, vuta aya yenye neno moja la mwisho pale, hadi zile 3 zimezwe. Mwalimu mzuri hukupa zoezi hili makusudi.

Mgongo unafuata. Kurasa 192 ni karatasi 96. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu mm 0.1, kwa hiyo mm 9.6, na jalada la pande mbili linaongeza kama mm 0.5. Mgongo ni mm 10 na kidogo. Ukibadilisha karatasi kuwa ile nyepesi iliyovimba inayotumika kwenye riwaya, unene unabadilika hata kama gramu ni zilezile. Omba kiwanda kikupe kipimo chao, usikisie. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kufunga jalada kabla kurasa hazijatulia. Kurasa zinaongezeka mkunjo mmoja, mgongo unanenepa, na jina la kitabu linateleza hadi linaangukia ukingoni.

Mafaili yanayorudishwa na kiwanda yana magonjwa yaleyale. Picha ya jalada inatakiwa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wake halisi. Upande wa mbele wa A5 wenye ziada ya mm 3 inayokatwa kila upande ni mm 154 kwa 216, yaani pikseli 1,819 kwa 2,551. Picha iliyotumwa kama picha ya kawaida ya WhatsApp imeshabanwa. Mwombe mpigapicha aitume kama faili. Rangi ziwe CMYK, yaani zile 4 za wino wa mtambo, si zile za skrini, la sivyo bluu yako ya bahari ya Pemba itatoka kama zambarau iliyochoka.

Kuna moja ambalo halionekani kwenye skrini kabisa. Maandishi meusi yanatakiwa yawe na wino mweusi peke yake, 100%. Yakinakiliwa kutoka programu nyingine yanaweza kugeuka mchanganyiko wa rangi 4. Kwenye mtambo, rangi 4 hazikai juu ya nyingine kwa usahihi wa asilimia mia. Zikipishana hata sehemu ya kumi ya milimita, kila herufi ya pointi 11 inapata kivuli chekundu upande mmoja na cha bluu upande wa pili, na msomaji anaumwa macho bila kujua sababu. Kabla ya kutuma, fungua kitazamio cha rangi moja moja, zima nyeusi. Maneno yote yatoweke. Neno likibaki, lina ugonjwa.

Na Kiswahili kina yake ambayo hakuna mwalimu wa huko atakayekuambia. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye Kiingereza itakata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza: kitam-baa, nyum-ba. Kiswahili kinakata baada ya irabu: kita-mbaa, nyu-mba. Kama programu haina kamusi ya Kiswahili, zima ukataji wa maneno na upange bila kunyoosha ukingo wa kulia, au ukate kwa mkono mistari inayoacha mapengo. Kisha tafuta ng' zote mara mbili, kwa alama iliyonyooka na kwa iliyopinda, maana kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, na mswada uliopitia simu, Word na barua pepe huwa nazo zote.

Uhariri na ratiba

Uhariri wenyewe hauchukui muda mrefu darasani kama watu wanavyodhani. Utafundishwa ngazi zake: ule wa muundo unaogusa sura nzima, ule wa sentensi, na usomaji wa prufu ambao hautakiwi kuwa uhariri uliochelewa. Utafundishwa pia kukadiria. Kwa uhariri wa sentensi, maneno 1,000 hadi 1,500 kwa saa ni kasi ya kawaida kwenye mswada safi, kwa hiyo yale 55,000 ni saa 37 hadi 55, na hakuna anayehariri kwa umakini zaidi ya saa 5 kwa siku. Ukiahidi wiki moja, umeongopa.

Ratiba inapangwa kurudi nyuma, kuanzia siku ambayo kitabu lazima kiwe mezani. Kitabu cha shule cha Januari ambacho kinachapwa India kinasafiri kwa meli, kinakaa bandarini, kinalipiwa. Weka angalau miezi 2 kwa hayo peke yake, na mafaili yatakuwa yanatakiwa kiwandani mapema Septemba. Wanafunzi huanza na leo na kuhesabu kwenda mbele, ndiyo maana kazi zao zote hufika Machi.

Mkataba

Hii ni moduli ambayo Mswahili anayerudi nyumbani ataitumia kila siku, na wengi huipitia kwa usingizi. Soma mkataba mmoja halisi mstari kwa mstari. Haki zinazotolewa: karatasi tu, au na kitabu cha kielektroniki, cha kusikiliza, filamu? Eneo: kwa kitabu cha Kiswahili, kuandika "Tanzania" pekee kunaacha nje Kenya, Kongo, Rwanda na jamaa wa Muscat, na kuandika "dunia nzima" kwa shirika lisilouza nje ya Kariakoo ni kumfungia mwandishi mlango. Muda: hakimiliki Uingereza inadumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, Kenya na Tanzania 50. Mkataba unaosema "muda wote wa hakimiliki" ni wa vizazi.

Mrabaha uangalie unakokotolewa juu ya nini. Ile 10% ya mfano wetu wa kwanza ilikuwa ya fedha inayomfikia mchapishaji, Sh 900 kwa nakala. Ingekuwa 10% ya bei ya dukani ingekuwa Sh 1,500, na kwa nakala 1,700 tofauti ni Sh 1,020,000. Neno moja tu la mkataba.

Kifungu cha kurudisha haki kimezeeka kwenye mikataba mingi. Kinasema haki zitarudi kwa mwandishi kitabu kitakapoadimika. Siku hizi kitabu hakiadimiki: kiko kama faili, au kinachapwa nakala moja kikiagizwa. Weka namba badala yake, kwa mfano mauzo chini ya nakala 50 katika miezi 12 mfululizo. Mwanafunzi anayependekeza hivyo kwenye mtihani anapata alama, na mchapishaji anayekubali hivyo anaaminika.

Kwenye taarifa za kitabu nitapita haraka, ingawa ajira zipo. Jifunze ONIX, mfumo wa kupeana taarifa za vitabu kwa kompyuta, na msimbo wa mada wa Thema, vyote vinasimamiwa na EDItEUR ya London. Ndivyo maduka ya mtandaoni yanavyojua kitabu ni cha nini, cha nani na bei gani. ISBN kila mtu anaijua kwa jina, lakini hakikisha unajua kwamba toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake. Na kwenye EPUB, faili la kitabu cha kielektroniki, usiridhike na faili linalofunguka tu: tangu Juni 28, 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitabu vya kielektroniki vinavyouzwa huko visomeke na wasioona, yaani vichwa vya sura viwekewe alama sahihi, picha ziwe na maelezo, na lugha ya kitabu itajwe. Usipoitaja kuwa ni Kiswahili, sauti ya kompyuta inasoma "chai" kwa matamshi ya Kiingereza.

Kazi ya kikundi, fildi na kazi ya kulipwa

Kwenye mradi wa kikundi watu 6 watataka kuwa wahariri na hakuna atakayetaka bajeti. Chukua bajeti, au utayarishaji. Ndiko alama za peke yako zilipo, na ndiko utakapoulizwa kwenye usaili. Kubalianeni wiki ya kwanza nani ana neno la mwisho kuhusu jalada. Vikundi vinavyolipigia jalada kura huishia na jalada la kijivu.

Kwa fildi, andikieni mashirika madogo. Kwenye kubwa utaweka bahasha kwenye foleni; kwenye dogo utaandika maelezo ya nyuma ya jalada siku ya pili. African Books Collective, iliyoko Oxford, inasambaza nje vitabu vya wachapishaji wa Afrika, na anayejua soko la Kiswahili ana la kuzungumza nao.

Visa ya mwanafunzi inaruhusu kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wengi hudhani kiangazi ni likizo. Kwa mwanafunzi wa uzamili wa mwaka mmoja, miezi ya kuandika tasnifu bado ni muhula, na saa 20 zinabaki 20. Kuzidisha ni kuvunja masharti ya visa.

Tasnifu

Chagua kitu ambacho ni wewe unayeweza kukiandika. Chuo Kikuu cha Reading kinahifadhi kumbukumbu za mashirika ya Kiingereza, zikiwemo za Longman na za Heinemann, mashirika yaliyouza vitabu Afrika Mashariki. Humo mna barua za biashara: bei, nakala, malalamiko ya usambazaji. Mwanafunzi anayesoma Kiswahili na kuijua historia ya shule zetu ataona mambo ambayo mwenzake ataruka. Kuna maswali mazuri pia upande wa pili: jinsi Henry Chakava na wenzake walivyolinunua tawi la Heinemann la Kenya na kulifanya East African Educational Publishers mwaka 1992, au jinsi Walter Bgoya alivyotoka Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoanza 1966, na kuanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Usiandike sifa zao. Tafuta orodha za vitabu, idadi ya vilivyotoka kila mwaka, nani alikuwa mteja mkuu, na kilichotokea mteja huyo alipobadilisha sera.

Ukihitaji mahojiano, fomu ya maadili ya utafiti ipitishwe kwanza. Inachukua wiki kadhaa. Kila kiangazi kuna aliyempigia mchapishaji wa Nairobi mwezi Mei kwa shauku, akarekodi saa nzima ya dhahabu, kisha akaambiwa haruhusiwi kutumia hata sentensi moja kwa kuwa kibali kilitoka Juni. Mahojiano 6 hadi 10 yanatosha kwa maneno 15,000. Zaidi ya hapo utakuwa unanakili rekodi hadi Septemba.

Baada ya hapo

Kubaki Uingereza kwa visa ya kazi ni kugumu kwa fani hii. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara kinachotakiwa kwa jumla ni £41,700 kwa mwaka, na hata kile nafuu cha wanaoanza kazi ni £33,400. Msaidizi wa uhariri anayeanza kwa kawaida hafiki hapo. Masoko, data na mauzo ya haki hulipa zaidi kidogo. Atakayejaribu ajaribu kupitia huko.

Nyumbani, jua nani ananunua. Kenya, kitabu cha shule kinapita KICD, taasisi ya mitaala ya nchi hiyo, na kitabu kisichoidhinishwa hakina shule. Tanzania, Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo inayoandaa vitabu vya kiada, kwa hiyo mashirika binafsi yanaishi kwa vya ziada, vya watoto, vya vyuo na vya jumla. Ukienda kwenye usaili Dar es Salaam, peleka bajeti moja ya kitabu cha ziada cha darasa la 4 iliyojaa namba za hapahapa: bei ya kiwanda cha mjini na ya India, punguzo la duka, usafiri hadi Mwanza, na mwezi ambao fedha itaanza kuingia. Za kiwanda unaweza kuzipata kwa kupiga simu 3 asubuhi moja, ukiomba bei ya nakala 2,000, kurasa 64, A4, gramu 80, rangi 4 ndani, kushonwa kwa waya.